Muulize Mjomba: Kwani Uingereza wanakunywa bia ya moto?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua nyingi zimetoka huku huku kwetu nyanda za juu, Mbeya, Tukuyu, Njombe, Iringa mpaka Mafinga, na karibu zote zinauliza kuhusu bia zisizotoka viwanda vikubwa. Nimechukua tano. Waliouliza mambo ya gongo watanisamehe, gongo sio bia na sitaijibu kwenye ukurasa huu.

Shikamoo Mjomba. Mi niko Mbeya mjini, Soweto. Shemeji yangu karudi toka Uingereza anasema kule kwenye pabu zao wanakunywa bia ya moto, tena imekata gesi, na wenyewe wanasema ndo bia halisi, nyingine zote feki. Tumebishana mpaka mwenye baa akazima taa. Kweli mtu mwenye akili zake anatoa hela kwa bia ya moto iliyokata gesi? – Kijana wa Soweto

Marahaba mwanangu. Shemeji yako hajadanganya ila kakupa nusu ya habari. Tuanze na hilo neno moto. We mwenyewe ukikaa baa hapa Mbeya mhudumu anakuuliza "baridi au moto?" na ukisema moto haendi kuiweka jikoni, anakutolea ile iliyokaa kwenye kreti. Sasa hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, hiyo bia ya kwenye kreti asubuhi ukiishika vidole vinauma. Na ile eli yao ya kwenye pipa, yaani ale, hiyo bia ya kiasili anayoisema shemeji, inatakiwa imfikie mnywaji ikiwa kwenye nyuzi 11 mpaka 13 hivi. Kwa hiyo moto anayosema shemeji ni moto ya Mbeya mwezi wa saba, sio moto ya Dar wala ya Kyela. Inaburudisha vizuri tu, ila haigandishi ulimi, maana ulimi ukishaganda huonji kitu, unasikia ubaridi basi.

Habari ya gesi nayo iko hivi. Bia ya chupa uliyoizoea inachujwa mpaka hamira yote inatoka, wengi wanaipitisha kwenye moto kuua kilichobaki ili ikae miezi bila kuharibika, halafu inatiwa gesi. Hakuna ubaya, ndo maana unaikuta ya Mbeya inalingana na ya Mtwara. Ila eli halisi inaingia kwenye pipa hamira ikiwa bado hai, inaendelea kuchachuka humo humo ndani, gesi inayopata ni ile inayojitengeneza yenyewe, kidogo, ya kutekenya ulimi tu. Pipa linashushwa kwenye chumba cha chini ya pabu, linalazwa, linaachwa litulie, na ili bia iwe angavu wengi wanatia kitu kinachotokana na vibofu vya hewa vya samaki, yale yale ambayo wavuvi wetu wa Mwanza wanaita mabondo! Yanavuta hamira yote inakaa chini. Halafu mhudumu anaivuta juu kwa pampu ya mkono, hakuna mtungi wa gesi unaoisukuma. Na pipa likishafunguliwa hewa inaingia, una siku kama tatu tu, baada ya hapo inaanza kuelekea kwenye siki. Mtu wa kilabu cha komoni, pombe yetu ya kienyeji, hapo lazima atikise kichwa maana anaijua hiyo hesabu.

Hilo neno "halisi" nalo lina historia yake. Miaka ya 60 na 70 makampuni makubwa kule yalikuwa yanaondoa mapipa na kuweka kegi za bia iliyochujwa na kutiwa gesi, inayofanana nchi nzima, mpaka mwaka 1971 Waingereza wanne wakiwa likizo Ireland wakakaa kwenye baa wakaamua wanaanzisha kampeni ya kuiokoa eli yao. Ndo ikawa chama kinaitwa CAMRA, na chama cha wanywaji kabisa, sio cha wapikaji. Walishinda kwa kiasi kikubwa, mapipa yapo mpaka leo.

We na shemeji fanyeni hivi, msibishane tena. Nunueni Guinness mbili, hiyo ni stauti, bia nyeusi, ndugu wa eli, moja itoke kwenye friji moja kwenye kreti, mimina zote kwenye glasi, sio kunywea chupa, acheni dakika mbili halafu onjeni kwa zamu. Ile ya kreti utasikia kahawa na ule uungulivu wa nafaka iliyokaangwa, ya friji utasikia friji. Halafu niandikie nani kalipa.

Shikamoo Mjomba. Mama yangu anapika komoni Uyole, ametusomesha watoto wanne kwa hiyo hiyo komoni. Sasa niko chuo, wenzangu wanapiga picha na krafti bia za Dar wanazipandisha mtandaoni, nikiwaambia mama yangu naye ni mpishi wa bia wanacheka. Naomba jibu la kweli sio la kunifariji, komoni ni krafti au sio? – Binti wa Uyole

Marahaba binti yangu, na mama mpelekee shikamoo yangu. Hili swali nimelisoma mara tatu.

Kwanza maana yenyewe. Marekani, ambako hilo neno krafti ndo lilikolea, chama cha wapikaji bia kinasema mpikaji wa krafti ni yule mdogo na anayejitegemea, na "mdogo" kwa hesabu yao ni asiyezidisha mapipa milioni 6 kwa mwaka. Pipa lao ni lita 117, zidisha mwenyewe, inafika lita milioni 700. Huyo ndo mdogo. Mama yako ana mapipa mangapi pale uani? Kwa udogo na kujitegemea ameshapita hata kabla hajawasha moto.

Ila we umetaka jibu la kweli kwa hiyo twende kwenye kazi yenyewe, maana udogo peke yake sio ufundi. Bia yoyote duniani, ya London, ya Munich, ya Uyole, inaanza na kimea. Nafaka inalowekwa, inaachwa iote, na inapoota inatengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, halafu hamira inakula ile sukari inatoa kilevi na gesi. Kule wanatumia shayiri, huku ulezi. Mi nimewahi kukaa na mama mmoja Tukuyu siku nzima namwangalia anatoa kimea cha ulezi, kaufunika kwa magunia mabichi, siku ya tatu akafunua, vimizizi vyeupe kama uzi wa kushonea vimeshikana mpaka ukiinua pembe moja unainuka mkeka mzima. Akachukua punje, akaitafuna, akasema bado. Jioni akatafuna tena akasema tayari, anika. Nilipotafuna mimi asubuhi ilikuwa na ladha ya unga, jioni ilikuwa na utamu kama maziwa ya mahindi mabichi. Hana kipimo, hana karatasi, ulimi wake ndo maabara. Wapikaji wa krafti huko nje wanaenda shule kujifunza kutafuna hiyo punje.

Halafu uchachu. Wenzako wakionja komoni wanasema imechacha, ila Ubelgiji, pembeni ya Brussels, kuna bia inaitwa lambiki inaachwa wazi usiku kwenye sinia kubwa ili vijidudu vya hewani viingie vyenyewe, inakaa kwenye mapipa ya mbao mwaka mpaka mitatu, inatoka chachu inakunja uso, na watu wanapanda ndege kuifuata. Uchachu sio kosa. Kosa ni uchachu ambao mpishi hakuukusudia.

Na wakikwambia sijui komoni haina hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu na harufu, waambie hata eli ya Waingereza kwa karne nyingi haikuwa na hopsi, zilikuja kuzoeleka kuanzia karne ya 15 huko. Na waliokuwa wanaipika enzi hizo wengi walikuwa wanawake, nyumbani kwao, ikiiva wanatundika kijiti cha majani nje kuonyesha leo ipo. Binti yangu, huyo ni mama yako kabisa, miaka 600 iliyopita!

Kwa hiyo jibu langu ni ndio, komoni ni krafti, ila kwa masharti yale yale ninayompa mpikaji wa Dar au wa London. Maji safi na yachemshwe. Pipa lisiwe lililowahi kuweka kemikali, hata liwe limeoshwa mara kumi. Kata ya kuchotea isilale chini. Na auze ikiwa kwenye siku yake, iliyopitiliza isichanganywe na mpya, hapo ndo vilabu vingi vinapoharibu jina. Na kama mama anayafanya haya, wenzako waalike Uyole siku komoni imeiva, saa nane mchana, ikiwa bado inapanda ina povu. Uwape kwenye glasi za kuonyesha rangi, sio kopo la plastiki. Ile rangi ya udongo wa Rungwe wakiiona kwenye mwanga watapiga picha wenyewe.

Mjomba mambo. Niko Njombe, biashara ya mbao. Nilienda Dar rafiki akanipeleka sehemu wanapika bia wenyewe, akaniagizia IPA, chungu kama mwarobaini na bei yake ningepata za kawaida nne. Nimeibiwa? – Mzee wa mbao

Poa mzee wangu. Hujaibiwa, umeanzishiwa mwisho. IPA ni India Pale Ale, eli iliyojaa hopsi, na hopsi ndo zinaleta uchungu na ile harufu ya maua na machungwa. Herufi ya kwanza ni India, maana Waingereza walikuwa wanasafirisha bia yenye hopsi nyingi kwa meli mpaka India, miezi baharini, na hopsi husaidia bia isiharibike. Kumpa IPA mtu aliyezoea laga, zile bia zetu za kawaida za chupa, ni kama kumpa mgeni pilipili kichaa siku ya kwanza. Siku nyingine uliza kama wana bia ya ngano au eli nyepesi ya rangi ya asali, uanzie hapo, IPA itakuja yenyewe ukiwa tayari.

Ila angalia kilevi, hili nawaambia wote. Bia moja ya Safari ya mililita 500 ina asilimia 5.5, hiyo ni mililita 27 na nusu za kilevi chenyewe. IPA ya asilimia 7 kwenye chupa ndogo ya 330 ni 23. Unaona ndogo unadhani nyepesi, ukinywa tano kama ulivyozoea laga ndogo umeumia. Bei nayo inatokana na malighafi, shayiri nzuri na hopsi vinaagizwa nje, na anayepika lita 500 kwa wakati hana nafuu ya anayepika laki.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni nesi, natokea Iringa, Mungu akipenda mwezi wa tisa naanza kazi Leeds, Uingereza. Sio mlevi ila napenda bia moja mbili na nasikia wenzetu maisha yao yote yako pabu. Sitaki kuaibika siku ya kwanza wakinialika. Nifanyeje? – Nesi wa Kihesa

Marahaba mwanangu, hongera sana kwa kazi. Cha kwanza, ukikaa mezani ukasubiri mhudumu utasubiri mpaka zamu ya usiku ianze. Unaenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa hapo hapo, unabeba glasi yako. Ule mtindo wetu wa chupa kubaki mezani ndo hesabu ifanyike mwisho haupo. Raundi zipo kama kwetu, na ukishakubali kununuliwa ya kwanza wanategemea zamu yako itafika, kwa hiyo kama unataka moja tu sema mapema "mi najinunulia leo", hakuna atakayenuna.

Kipimo chao ni painti, mililita 568, kubwa kuliko chupa yetu. Agiza nusu, hakuna aibu yoyote, na kwenye eli za pampu ya mkono unaruhusiwa kabisa kuomba kuonja kidogo kabla hujanunua. Pampu inakuwa na kibao mbele kimeandikwa jina la bia na asilimia, tafuta za 3.8 mpaka 4.2, hizo ndo za kukaa nazo unaongea. Ukiona imeandikwa mild ni nyeusi nyeusi na laini, bitter sio chungu kama jina lake, ina ladha ya kimea na biskuti, mi ningekuanzishia hiyo. Na uko Yorkshire, wenyewe wanapenda bia yenye povu zito kama la krimu, wanafunga kidude chenye vitundu kwenye mdomo wa pampu, wa kusini wanalipinga hilo povu, usiingilie ugomvi wao. Pale mjini kuna pabu inaitwa Whitelock's, ipo tangu 1715, iko kwenye kichochoro chembamba unaweza kuipita usiione, siku ya mapumziko kaione hata kama utakunywa soda.

Ikitokea glasi ina ladha ya siki irudishe kwa upole, wanabadilisha bila maneno, wanajua pipa linafika mwisho wake.

Na tamasha la bia likiwepo karibu nenda! Lile kubwa la CAMRA la nchi nzima lilianza 1977 London, mwaka 1975 walishafanya moja pale Covent Garden watu wakajaa mpaka nje, na siku hizi miji mingi ina la kwake dogo. Unalipia glasi mlangoni, ina mistari ya painti, nusu na theluthi, mapipa yamepangwa ukutani kama magunia ya viazi Uyole, na wanaokuhudumia wengi wanajitolea, hawalipwi, ukimuuliza mmoja swali moja kuhusu bia anayoipenda atakueleza robo saa huku foleni inasubiri na foleni yenyewe inasikiliza. Kunywa theluthi theluthi, kula kabla, na maji katikati. We nesi hayo unayajua kuliko mimi.

Mjomba shikamoo. Sisi vijana sita wa Mafinga tunataka tufanye siku yetu ya kuonja, pombe za kienyeji ulanzi na kangara, na bia chache za krafti atakazoleta mwenzetu toka Dar. Tuipangeje isije ikawa ulevi tu wa kawaida? – Wadau wa Mafinga

Marahaba vijana, hii barua imenifurahisha sana, na nimeiweka mwisho ili nipate nafasi ya ulanzi.

Tarehe yenu ipangwe na mianzi, sio na kalenda ya mshahara. Ulanzi ni wa masika, machipukizi machanga ya mwanzi yanakatwa ncha, mgema anapita asubuhi na jioni anakata tena kidogo na kutega mbeta kukinga utomvu. Mvua ikikata na ulanzi umekata. Ongeeni na mgema wiki moja kabla, mkubaliane awape wa aina mbili, mtogwa ule wa asubuhi hiyo hiyo ambao bado mtamu kama maji ya muwa, na mkangafu uliokaa ukakolea. Mwambieni wazi ni wa kuonja na mtalipa vizuri, na mumwombe asiongeze maji, mgema akisifiwa mnajua kinachofuata, kwa hiyo onjeni kwanza sifa baadaye.

Siku yenyewe kila mtu awe na glasi yake ndogo, glasi za chai za kioo zinatosha. Anzeni na mtogwa, halafu eli nyepesi, halafu kangara, mkangafu, na mwisho ile chungu au nyeusi, maana ukitanguliza chungu nyingine zote zitakuwa maji. Vidole vitatu tu kila moja. Kabla hujameza nusa, halafu kila mtu aseme neno moja anasikia nini, na asikopi la mwenzake. Mtashangaa, mmoja atasema ndizi mbivu, mwingine majani mabichi, mwingine atasema chumba cha bibi, na wote wako sahihi. Mi ulanzi wa siku ya pili huwa nasikia ganda la tango. Jioni hiyo hiyo rudieni kuonja mtogwa mliouanzia, ndani ya saa chache utakuta utamu umepungua na ukali umeingia, mtakuwa mmeona hamira ikifanya kazi mbele ya macho yenu, na hapo ndo mtaelewa kwa nini Waingereza wanahangaika na pipa la siku tatu.

Chakula kiwepo tangu mwanzo, viazi vya kuchemsha, nyama choma yenye chumvi kidogo, karanga. Funguo za pikipiki zikusanywe na mmoja asiyekunywa kabla glasi ya kwanza haijamiminwa, sio baada. Aliye chini ya miaka 18 asiwepo.

Na mtakapoenda kuuchukua huo ulanzi kwa dumu, msikaze kifuniko. Unachachuka njiani, gesi inajaa, dumu linavimba kama puto na barabara ile ya vumbi inalitikisa, nimeshaona kifuniko kimeruka ndani ya Noah iliyojaa abiria wakanuka ulanzi mpaka Iringa. Kilegezeni, funikeni juu kwa kitambaa safi, na dumu likae katikati ya miguu ya mtu, lisijazwe mpaka shingoni.